Swichi Ilipogoma Kuwaka Kumi la Mwisho



Leo hatuzungumzii mishono ya baibui wala mapishi ya futari. Tunataka kuzungumza kuhusu kile kisanduku chenye taa nyingi za kijani ambacho wengi wetu tunacho dukani, ofisini au kwenye chumba cha kompyuta cha madrasa, na hata jina lake hatulijui mpaka siku kinapogoma. Kinaitwa swichi ya mtandao. Si ile swichi ya taa ukutani. Hii kazi yake ni kuunganisha kompyuta, printa, kamera na mashine nyengine kwa waya ili zipeane habari. Kompyuta ikitaka kutuma kitu kwenye printa, swichi hukipokea na kukipeleka kwenye tundu la printa peke yake, isiwasumbue wengine.

Sisi ni wanawake watatu tunaoendesha karakana ya ushoni hapa Unguja. Chumba cha mbele tunapokea wateja na kuandika vipimo kwenye kompyuta. Chumba cha nyuma ndiko kwenye meza ya kukatia, charahani na mashine ya kudarizi, na huko mkataji husoma vipimo kwenye kompyuta ya pili. Printa ya risiti na kamera mbili nazo zimo. Vyote hivyo vinapita kwenye swichi moja ya matundu 16. Hatukuwa tukiifikiria kabisa, mpaka ilipotugomea katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambao kila fundi wa nguo hapa kisiwani anajua hakuna nafasi hata ya kuvuta pumzi.

Asubuhi ya pasi

Siku hiyo binti anayejifunza kazi kwetu alifungua mlango mapema ili apige pasi kanzu zilizokuwa zikisubiri wenyewe. Alipochomeka pasi, umeme ukakatika. Uliporudi baada ya saa moja hivi, kila kitu kiliwaka isipokuwa swichi. Taa zake zote zilimulika kwa pamoja, zikazimika, zikamulika tena, zikazimika, hivyo hivyo bila kupumzika.

Fundi mmoja wa mtaani alipita, akaitazama kwa mbali, akasema imeungua, tununue mpya, laki mbili na nusu. Alipoambiwa pasi ilichomekwa kwenye ubao ule ule wa umeme, akatikisa kichwa: "Basi hiyo hiyo pasi."

Neno lile likaenea kabla ya adhuhuri. Mteja aliyekuwa akisubiri kanzu za wanawe akasema aliyeunguza alipe. Jirani wa duka la pili naye akasema vijana wa siku hizi hawafundishiki mpaka waguswe mfukoni. Hata sisi watatu hatukuwa na kauli moja. Mmoja alisema posho ya binti ikatwe kidogo kidogo, mwengine alisema asiguswe, wa tatu alinyamaza. Posho yenyewe ni elfu hamsini kwa mwezi, kwa hiyo laki mbili na nusu ni miezi mitano. Baba yake ameshatangulia mbele ya haki, na nauli ya mdogo wake ya kwenda skuli inatoka kwenye posho hiyo. Alikuwa amesimama pale pale anashika ncha ya ushungi wake, hasemi neno.

Tulichokubaliana ni jambo moja tu: hakuna atakayelipa chochote mpaka ijulikane swichi ina nini. Dini yetu imetukataza kuwadhania watu vibaya, na anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Ushahidi wa kwamba pasi ilichomekwa ulikuwepo. Ushahidi wa kwamba pasi ndiyo iliyounguza haukuwepo.

Kazi haikusimama. Kompyuta ya mbele ilikuwa nzima, kilichokatika ni njia. Tukanakili vipimo vya siku ile kwenye daftari, na michoro ya darizi tukaihamisha kwa flashi. Ilikwenda, ila kwa mwendo wa jongoo.

Fundi aliyeanza kwa kutazama

Mmoja wetu ana ndugu yake, mtoto wa mama yake mdogo, aliyesomea mitandao ya kompyuta. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri na mkoba mdogo. Ndani mlikuwa na mita ya kupimia umeme, adapta moja ya kamera, na ule waya mfupi wenye njia mbili ambao mafundi wa kamera hugawia umeme. Tulimkalisha kwenye kiti, lakini yeye akachuchumaa mbele ya swichi na kuitazama dakika nzima bila kugusa kitu.

"Shikamoo zenu dada zangu," akasema baadaye, kama aliyekumbuka. "Hii haijafa. Kitu kilichoungua kabisa hakimuliki hata taa moja. Hii inajaribu kuamka, inashindwa, inaanza tena."

Akatufundisha kwamba swichi inapowashwa hupita hatua kwa hatua, kama mtu anayeamka daku. Kwanza hupata umeme. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, lakini ndani ya swichi ndogo mara nyingi hutakiwa volti 12 au chini ya hapo, na adapta ndiyo inayoupunguza. Pili, hujikagua yenyewe, na hapo ndipo taa zote humulika pamoja. Tatu, husoma programu yake ya ndani. Mwisho hufungua matundu, na taa ya kila tundu lenye waya huanza kuchezacheza. Ukijua imekwama hatua gani, nusu ya kazi umeimaliza. Ya kwetu ilikuwa ikifika kwenye kujikagua, kisha inarudi mwanzo.

Akachomoa nyaya zote za mtandao, akabakisha umeme tu. Hali ile ile. Akahamisha adapta kwenye tundu jengine la ukutani, mbali na ule ubao wa umeme. Hali ile ile. Hivyo tukajua si nyaya, si kamera, si ubao.

Kisha akaipima adapta ikiwa peke yake. Mita ikasoma volti 12 kamili. Mmoja wetu akasema, basi adapta ni nzima, swichi ndiyo mbovu. Akacheka: "Subiri kwanza dada. Hii haijabebeshwa mzigo." Akaweka ule waya wa njia mbili, njia moja ikaenda kwenye swichi na nyengine kwenye mita. Swichi ilipojaribu kuamka, namba kwenye mita ikaporomoka mpaka 7, taa zikazimika, namba ikapanda tena 12, swichi ikajaribu tena, ikaporomoka tena. Sote tuliona kwa macho yetu, na binti wetu akiwemo.

Hapo akatoa adapta ya kamera mkobani. Alisoma maandishi yake kwanza: volti 12 kama ile ya mwanzo, ampea 2 ambazo ni zaidi ya 1.5 za ile ya mwanzo, na mchoro mdogo wa chanya na hasi unaofanana. Akatueleza kwamba volti lazima zilingane, chanya na hasi lazima zikae upande ule ule, lakini ampea zikizidi hakuna ubaya, kwa sababu swichi huchukua kiasi inachohitaji tu. Zikipungua ndipo penye tatizo. Akachomeka. Taa zikamulika pamoja, zikazimika, kisha moja baada ya moja zikaanza kuwaka kijani na kubaki hivyo. Printa ikatoa risiti iliyokuwa imekwama tangu asubuhi.

Adapta mpya ilitugharimu shilingi 15,000.

Je, pasi ilikuwa na hatia?

Hili tulimuuliza mbele ya watu, tena makusudi, kwa sababu tuhuma ilitolewa mbele ya watu.

Alijibu kwa kutuonesha maandishi ya adapta: inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240. Pasi inapochomekwa karibu yake huweza kuupunguza umeme kidogo, lakini si mpaka chini ya 100. Adapta ya namna hiyo imetengenezwa kuvumilia. Kilichoiua ni miaka na joto. Aliyeifunga miaka sita nyuma aliifungia ndani ya kisanduku cha mbao kisicho na tundu la hewa. Aliichomoa, akaiacha muda, kisha akaifungua. Ndani palikuwa na vile vijikopo vidogo vinavyoitwa kapasita, viwili vimevimba vichwa kama chapati iliyofura. Hivyo ndivyo vinavyotuliza umeme usipande na kushuka. Vikikaa kwenye joto kwa muda mrefu hukauka na kuvimba, na adapta huishiwa nguvu polepole bila mtu kujua.

"Lakini jana ilikuwa inafanya kazi," mteja wa kanzu akasema. Na hilo ndilo swali tuliloona lina faida kubwa kuliko yote.

Jibu lake ni kwamba kifaa kilichochoka huweza kuendelea miezi mingi kikiwa kimeshawaka, kwa sababu kuendelea ni kwepesi kuliko kuanza. Siku kinapozimwa, kule kuanza upya ndiko kunakodai nguvu ambayo hakinayo tena. Ndiyo maana vifaa vingi havifi vikiwa kazini, hugoma umeme unaporudi. Maradhi yalikuwemo tangu zamani, kukatika kwa umeme kulikuja kuyatoa nje tu. Angekuwepo yeyote pale mlangoni asubuhi ile, angeonekana yeye ndiye aliyeharibu.

Mteja yule, Allah amlipe kheri, alimgeukia binti akamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Binti akaitikia kwa sauti ndogo, akarudi kwenye pasi. Tulimwona anafuta macho kwa mgongo wa mkono na kanzu ya mtu iko mbele yake, akiwa mwangalifu lisidondoke hata tone. Fikirini, mashoga zetu, kama tungekata miezi mitano ya posho kwa ajili ya kitu cha shilingi 15,000 ambacho hata hakukigusa. Mzigo huo tungekutana nao Siku ya Malipo.

Swichi kubwa na subira yake

Wiki mbili baada ya Idd, binti wa mama mdogo aliitwa kwenye madrasa moja yenye chumba cha kompyuta, akatukaribisha tuone ugonjwa wa aina ya pili. Ile ilikuwa swichi kubwa, ya kuwekwa kwenye kabati, yenye umeme wake ndani. Feni ilizunguka vizuri, taa ya mfumo ikawaka rangi ya machungwa badala ya kijani, na matundu yote yalikuwa kimya. Umeme haukuwa tatizo. Programu yake ya ndani ndiyo iliyoharibika, kwa sababu umeme ulikatika wakati mtu akiibadilisha kwa toleo jipya.

Swichi kubwa zina tundu maalumu linaloitwa konsoli. Unaunganisha laptopu kwa waya wake, unafungua programu ya kusomea, unaweka kasi ya 9600, kisha swichi inakueleza yenyewe kwa maandishi imekwama wapi. Kila kampuni ina maneno yake. Kwenye swichi nyingi za Cisco Catalyst, ikikosa programu nzima ya kuwakia, husimama na kuandika neno switch na nukta mbili, inasubiri amri. Hapo mtu anaweza kutazama kama faili la programu bado lipo kwenye kumbukumbu yake, na kama lipo zima, kuiamrisha iwake kwa faili hilo.

La madrasa halikuwa zima. Ikabidi faili jipya lipitishwe kwenye ule waya wa konsoli. Alitupigia hesabu: faili la megabaiti 10 kwa kasi ya 9600 huchukua karibu saa tatu, yaani ukianza baada ya adhuhuri, alasiri inaweza kukukuta bado unasubiri. Lakini kasi ikipandishwa hadi 115200 kwa pande zote mbili, ni kama robo saa. Akapandisha. Faili alilichukua kwenye swichi pacha ya hiyo hiyo madrasa, iliyokuwa chumba cha pili. Tulipomuuliza kwa nini asilipakue tu kutoka kokote mtandaoni, alisema programu hizo zina wenyewe na zina leseni, na faili la kuokota huwezi kujua limebeba nini. Jibu hilo lilituridhisha kwa dini na kwa dunia.

Kisiwa chetu na vifaa vyetu

Sisi watu wa Unguja tunajua kukatikiwa umeme. Umeme wetu unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Tulio na umri huu tunakumbuka Disemba 2009, ulipokatika kisiwa kizima na ukakaa takriban miezi mitatu. Tulishonea charahani za miguu, na maji tukayatafuta kwa ndoo. Waya mpya wa megawati 100 ulipoanza kazi mwaka 2013 hali ilibadilika sana, alhamdulillah. Hata hivyo kukatika na kurudi kwa ghafla bado kupo, na hapo ndipo vifaa huumia. Ongeza hewa ya chumvi inayoozesha vyuma vya matundu, vumbi la vitambaa linaloziba feni, na mijusi wanaopenda kulala mahali penye joto.

Kwa hiyo, swichi ikigoma, fuateni mpango huu kabla ya kutoa pesa:

Itazameni kwanza. Hakuna taa hata moja? Anzeni na tundu la ukutani, waya na adapta. Taa zinamulika na kuanza upya? Shukuni adapta. Feni inazunguka na taa imeganda rangi ya machungwa? Huenda ni programu au kitu cha ndani, tafuteni fundi mwenye waya wa konsoli.

Ipeni muda. Swichi kubwa huchukua dakika kadhaa kuwaka. Ukiichomoa kila baada ya nusu dakika, hujaipa nafasi ya kumaliza.

Chomoeni nyaya zote za mtandao, mbakishe umeme peke yake. Ikiwaka, rudisheni waya mmoja mmoja mpaka mumjue mkorofi.

Jaribuni adapta nyengine yenye volti zile zile, ampea sawa au zaidi, na chanya na hasi zinazofanana. Msifungue adapta wala swichi wenyewe, kwani ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa.

Iwekeni mahali penye hewa, mbali na vitambaa na dirisha la upepo wa bahari. UPS ndogo huilinda na kukatika kwa ghafla. Na programu isibadilishwe kabisa siku ambayo umeme unachezacheza.

Mwisho, andikeni kwenye kila adapta ni ya kifaa gani. Kwetu kazi hii tumempa binti yule yule wa pasi. Amezishonea vitambaa vidogo vyenye majina kwa uzi wa darizi, kila adapta na rangi yake, na amepanga mwezi ujao kwenda kukaa siku mbili kwa yule fundi wa kike ajifunze kutumia mita. Tumemruhusu, na posho yake ya siku hizo iko pale pale.

Tunamuomba Allah atubarikie kazi za mikono yetu, azihifadhi ndimi zetu zisiwatuhumu watu kabla ya kujua, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum.